Ufupi wa Skripti na Wepesi wa Kazi

Morogoro

Mpwa wangu Neema,

Bibi yako goti limepoa, na kila simu ikilia anauliza kama ni wewe.

Skripti yako ya kuhifadhi mafaili ya zamani nimeisoma. Unasema umeibana mpaka ikaenea mstari mmoja, na ofisini wameisifia. Hongera. Lakini ufupi wa maandishi si wepesi wa kazi. Kompyuta haijali ukiandika mistari kumi. Inachelewa pale unapoirudisha kwenye kazi ileile mara elfu.

Tazama lupu yako. Inachukua faili moja moja, inaita `tar -rf`, kisha `rm`. Tar ilitoka na Unix toleo la saba mwaka 1979, enzi za tepu, na kifurushi chake hakina faharasa. Kila ukiiambia iongeze faili, inapitia vichwa vya mafaili yote yaliyomo mpaka ifike mwisho, ndipo iandike. Mafaili mia huyahisi. Yakiwa elfu ishirini, kunakucha bado inahangaika.

Tena hiyo `$(find ...)` inayoipa lupu yako majina haina alama za nukuu, kwa hiyo sheli inakata majina penye nafasi. "risiti za Machi.pdf" linageuka vitu vitatu, na tar inalalamika kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Nawe unawajua wahasibu: faili wanalipa jina refu kama kichwa cha habari.

Mimi ningeandika hivi:

`set -eu`
`find "$chanzo" -type f -mtime +30 -print0 > "$orodha"`
`tar --create --gzip --null --files-from="$orodha" --file="$cha_muda"`
`tar --list --file="$cha_muda" > /dev/null`
`mv "$cha_muda" "$kifurushi"`
`xargs -0 rm -f -- < "$orodha"`

Mistari imeongezeka, na kazi imekuwa nyepesi zaidi, kwa sababu tar inaitwa mara moja kufunga na mara moja kukagua, basi. `set -eu` inasimamisha kila kitu amri ikishindwa, kwa hiyo hatufiki kwenye `rm` wakati kifurushi kina kasoro. Kifurushi kinaandikwa kwa jina la muda. Amri ya `mv` ndani ya mfumo uleule wa mafaili ni kubadilisha jina tu, hivyo atakayefungua folda atakuta kifurushi kamili au hatakuta kitu.

Utaniuliza kwa nini nisifute kwa `find` yenye `-delete`, niondokane na orodha. Kifurushi kikubwa huchukua muda kufungwa. Faili ambalo saa nane usiku lilikuwa bado halijafikisha umri, saa tisa limeshafikisha. `find` ya pili italiona na kulifuta, na ndani ya kifurushi halimo. Orodha moja ndiyo inayofunga na ndiyo inayofuta.

Chaguo fupi kama `-czf` ni za mkononi, unapoandika amri ya kutumia mara moja. Ndani ya skripti andika kwa kirefu, maana atakayeisoma huenda ni mwenzako aliyeamshwa usiku diski imejaa. Na maelezo yaseme sababu; yasirudie amri. Usiandike "hapa tunatafuta mafaili." Andika kwamba `-mtime +30` inatupa sehemu za siku, kwa hiyo inashika mafaili yaliyotimiza siku 31. Hilo halionekani kwa macho, na siku mkaguzi atakapouliza, jibu liwe pale pale.

Kuna mahali kasi inastahili kupewa nafasi hata kama skripti itakuwa ngumu kidogo. Picha za JPEG tayari zimebanwa. Kuzipitisha kwenye gzip ni kuichosha prosesa kwa faida ndogo, kwa hiyo folda ya picha ifungwe bila `--gzip`. Na gzip hutumia kiini kimoja cha prosesa. Kama seva yenu ina viini vinane, ipo pigz ya Mark Adler, mmoja wa walioandika gzip yenyewe, inayogawa kazi kwa viini vyote. Ila kwanza pima kwa amri ya `time` ujue muda unapotelea wapi. Ukikuta kweli ni kwenye kubana, badilisha hapo tu na uandike sababu. Pengine pote acha skripti isomeke.

Ijaribu kwenye folda ya nakala kabla ya kugusa mafaili ya ofisi, na humo uweke makusudi faili moja lenye nafasi kwenye jina. Ukimaliza nitumie niione. Shangazi yako anakusalimu, anauliza Krismasi unakuja au tusikuhesabu.

Mjomba wako