Kwa Kinga Mpaka Basoko: Ngome ya Mto na Mtoto Aliyerudi



Kule Ufaransa kuna mto unaoitwa Loire. Urefu wake unapita kilomita 1000, na kandokando yake wafalme na wakubwa wa zamani walijenga ngome na majumba ya mawe. Moja linaitwa Chambord. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka wa 1519, nalo lina vyumba zaidi ya 400. Siku hizi watu wanapanda kinga zao na kufuata mto: leo wanatazama ngome hii, kesho ile. Mwaka wa 2000 UNESCO iliandika sehemu kubwa ya bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia.

Kijana mmoja wa kanisa letu aliona picha za mto huo katika kitabu. Akaniuliza: "Pasta, sisi kwetu hatuna hata ngome moja?"

Nilimjibu kwamba iko. Iko Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo. Kwa hiyo, msomaji, panda nyuma ya kinga yangu twende. Nusu ya njia ni kwa kinga, nusu ni kwa pirogi, na mimi nitakanyaga kwa ajili yetu wawili.

Njia ya Yangambi

Tunaanzia Kisangani, mji wa kinga. Huko kinga inayobeba abiria inaitwa toleka, maana yake kwa Lingala ni "tupite". Nilikuwa nimekwenda huko kwa mkutano wa wachungaji, na nyuma ya mkutano ndugu mmoja akaniazima velo yake. Asubuhi mapema tulivuka daraja la Tshopo, karibu na bwawa la umeme, kisha mto Lindi kwa baki. Toka Kisangani mpaka Yangambi ni kama kilomita 100. Kwa mtu aliyezoea ni safari ya siku moja. Kwa mchungaji mwenye tumbo ni siku mbili.

Usifikiri ni njia laini kama ile ya Loire. Kuna mchanga unaokamata gurudumu, kuna matope, kuna madaraja ya miti unayovuka ukiwa umebeba kinga begani. Lakini msitu unatoa kivuli, na watu wanatoa salamu. Mara kwa mara miti inafunguka unaona mto Kongo, mpana, umejaa visiwa.

Kabla ya jua kuwa kali tulifika Yakusu. Wamisionari wa Kibatisti kutoka Uingereza walifungua misioni hapo mwishoni mwa karne ya 19. Daktari Clement Chesterman alifika mwaka wa 1920, wakati ugonjwa wa malale ulikuwa unamaliza vijiji, naye akafundisha vijana wa huko kazi ya uuguzi ili dawa ifike mpaka vijijini. Tena hapo ndipo mmisionari John Carrington alisikiliza ngoma za Walokele, zile zinazosema maneno kamili kutoka kijiji mpaka kijiji, na mwaka wa 1949 akatoa kitabu juu yake.

Mbele ya Yakusu kijana mmoja alinipita akisukuma kinga iliyobeba chumvi, sabuni na batri, mzigo unaozidi uzito wake mwenyewe. Aliona ninavyohema, akapunguza mwendo.

"Pasta, kwenye mchanga usipigane nayo. Shuka, sukuma. Hakuna haya."

Tulitembea pamoja siku ile na kesho yake. Aliniambia ni mzaliwa wa Basoko. Aliacha nyumbani akiwa na miaka 17 kwenda kuchimba almasi, na sasa ilikuwa mwaka wa kumi na moja. Almasi aliyoipata ilikwisha kwa madeni ya chakula na vifaa, na ile nyingine ilikwisha kwa mambo ambayo hakutaka kumweleza mchungaji. Mama yake alikuwa bado hai.

"Utanisindikiza mpaka kwake?" nilimuuliza.

Alicheka kidogo. "Nitafika na nini, Pasta? Watu watasema miaka kumi na moja, na velo ya deni."

Tulifika Yangambi jioni. Hapo Wabelgiji walifungua mwaka wa 1933 kituo kikubwa cha kuchunguza kilimo, na michikichi, kahawa na miti ya msitu vilichunguzwa na watu waliosoma sana. Asubuhi tulishuka kwenye bandari. Pirogi yenye motere ilikuwa inapakia. Yule kijana alinisaidia kufunga velo yangu, halafu akanipa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na vipande sita vya sabuni na kilo mbili za chumvi. Akanielekeza nyumba ya mama yake. Yeye alibaki amesimama pale pale mpaka hatukumwona tena.

Mto wa machozi

Toka Yangambi kushuka chini, Kiswahili kinapungua na Lingala inashika. Na hapa, msomaji, nataka nikuambie jambo ambalo hatupendi kulisema. Kiswahili hiki tunachosoma na kuombea kilifika sehemu za Kisangani pamoja na misafara ya Waarabu na Wangwana wa Tippu Tip, tajiri wa Zanzibar, waliotafuta pembe za ndovu na watu. Mwezi wa Novemba 1883 Stanley alikuta kwenye mto huu, chini ya Kisangani, kambi yao yenye mateka 2300 kwa hesabu yake. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Kati ya watoto waliokamatwa na watu hao kulikuwa na mmoja wa sehemu hizi za Basoko, jina lake Disasi Makulo. Stanley alimkomboa mwaka ule ule. Baadaye mtoto alifika mikononi mwa George Grenfell, mmisionari wa Kibatisti aliyekuwa akizunguka mito yetu kwa meli ndogo iliyoitwa Peace, maana yake Amani. Disasi alijifunza kusoma, akaamini, akabatizwa, akawa mwinjilisti.

Sasa fikiri. Mtu huyo alikuwa na sababu zote za kutorudi. Kwao palikuwa pamechomwa. Alikuwa ameondoka mtoto, na njia ya kurudi ilikuwa ni ule mto uliomchukua. Lakini alirudi, akaanzisha kazi ya Mungu Yalemba, kama kilomita 24 juu ya mdomo wa Aruwimi. Hakurudi na pembe wala mali. Alirudi na kitabu na ubao wa kuandikia. Alifariki mwaka wa 1941, na mwaka wa 1983 habari za maisha yake, zilizoandikwa na mwana wake Makulo Akambu, zilichapwa Kinshasa.

Nililala Yalemba usiku mmoja. Walinipa lituma na samaki, na asubuhi tuliabudu kwa Lingala. Mimi niliomba kwa Kiswahili. Mzee mmoja alisema "Amina" kwa nguvu kuliko wote, na sijui kama alielewa neno lolote lingine.

Ukuta wa Basoko

Basoko inaonekana kutoka mbali, pale maji ya Aruwimi yanapokutana na yale ya Kongo. Ni pale pale ambapo tarehe 1 Februari 1877 watu wa Basoko walitoka kwa mitumbwi mikubwa kumzuia Stanley asipite. Yeye aliandika kwamba alihesabu mitumbwi 54. Bunduki zilishinda mikuki.

Mwaka wa 1889 Serikali ya mfalme Leopold wa Pili iliweka hapo kambi ya askari na kuizungushia ukuta, ili Waarabu wasishuke zaidi na mto. Kutoka kambi hiyo kamanda Chaltin alipanda Lomami mwaka wa 1893, kisha akaenda mpaka Kisangani kupigana nao. Mwaka wa 1894 vita ilikwisha, na biashara ile ya watumwa ikavunjika.

Nilipofika niliegemeza velo, nikagusa ukuta wa kale, nikatazama mnara. Majani yalikuwa yameota juu yake na mbuzi walikuwa wamelala kivulini. Watoto walinizunguka. Mmoja akauliza nani alijenga. Nikasema haraka-haraka: "Wazungu."

Papa mmoja aliyekuwa ameketi karibu akanikata: "Pasta, umeona Mzungu akibeba udongo? Wazungu waliamuru. Waliobeba ni watu weusi."

Niliona haya, kwa maana alikuwa na haki. Na kuna jambo lingine ambalo ukuta hausemi. Serikali ile iliyojenga ngome kwa jina la kuondoa utumwa ndiyo iliyolazimisha watu waingie msituni kutafuta mpira, na aliyeleta kidogo aliteswa. Grenfell mwenyewe aliiamini kwa miaka mingi. Alikubali medali zake, na mwaka wa 1896 akawekwa katika kamisheni ya kulinda wenyeji, kamisheni ambayo haikuwalinda. Macho yake yalifunguka akiwa amechelewa. Mwaka wa 1906 homa kali ilimshika Yalemba, wakamleta hapa Basoko, akafa tarehe 1 Julai na kuzikwa hapa. Ninampenda mtumishi huyo wa Mungu, lakini sitawaficha kosa lake. Hata mtu mwema anaweza kukaa karibu na ukuta mkubwa mpaka asisikie wanaolia upande wa pili.

Na zile ngome za Ufaransa pia ni hivyo. Mwaka wa 1560, katika ngome ya Amboise, Waprotestanti waliojaribu kumteka mfalme mdogo ili kumtoa mikononi mwa wakubwa waliomtawala walishindwa, wakauawa kwa mamia, na miili ya wengine ikatundikwa kwenye kuta. Leo wageni wanapiga picha pale. Ngome yoyote ikiwa nzuri namna gani, uliza kwanza: nani aliogopa, nani alibeba mizigo, nani alifungwa ndani?

Nyumba ya mama

Jioni nilitafuta nyumba ile niliyoelekezwa. Mama alinipa kiti, naye akaketi juu ya mkeka. Nikampa mfuko na salamu. Alitoa kipande cha sabuni, akakinusa muda mrefu, akakirudisha.

"Iko mzima?"

"Ni mzima, mama. Ana nguvu. Alinisaidia njiani."

"Basi kwa nini umekuja wewe?"

Nikaeleza, kwa maneno ya kuzunguka kama sisi wachungaji tunavyojua, kwamba kijana anaona haya kwa sababu hana kitu. Mama alinyamaza. Halafu akanyoosha kidole juu, kwenye paa.

"Hiyo almasi ningeiweka wapi, Pasta? Nyumba inavuja. Mwambie aje abadilishe majani. Sabuni hii sitaigusa mpaka afike."

Niliporudi Yangambi nilimtafuta bandarini na sokoni. Waliniambia amekwisha kurudi kwenye machimbo, lakini hakuna aliyejua ni machimbo gani.

Ndiyo sababu ninaandika safari hii katika gazeti letu, kwa maana linafika mahali ambapo velo yangu haitafika. Ndugu yangu, kama unasoma haya chini ya hema la plastiki au kando ya shimo, ujumbe wako ni huu: nyumba inavuja, na sabuni inakungoja. Na wewe kijana mwingine, ambaye si wa Basoko lakini una mama Kalima, Kongolo au Manono, ujumbe ni wako pia. Soma tena Luka 15. Kijana yule alirudi bila viatu, na viatu alivipewa nyumbani.

Nanyi wazazi, na sisi wa kanisa, tuangalie maneno yetu. Siku mtoto anaporudi mikono mitupu, tunamuuliza nini kwanza? Kama swali la kwanza ni "umeleta nini?", basi sisi wenyewe tumejenga ukuta, na hauna hata mlango.

Ukuta wa Basoko ulikuwa na askari na mizinga, nao sasa ni kivuli cha mbuzi. Disasi alirudi na kitabu tu, na Yalemba wanaimba mpaka leo. Mchanga ukikamata gurudumu lako njiani, kumbuka neno nililoambiwa mbele ya Yakusu: shuka, sukuma. Hakuna haya.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.