Matembezi ya Kericho

Msafiri apandaye kutoka Kisumu hupokewa na baridi, kisha chai: vilima vyote kijani kibichi, kana kwamba vimesawazishwa kwa makasi. Mji ni mdogo. Mvua hunyesha karibu kila alasiri (usidanganywe na jua la asubuhi, chukua mwavuli).

Nenda Chagaik, penye miti ya kigeni iliyopandwa na mkulima mmoja wa chai baada ya Vita Kuu vya Pili, uketi kando ya bwawa. Ukishapumzika, mwombe mzee wa Kikipsigis akueleze habari za Talai, ukoo wa waaguzi wakuu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwatungia sheria, ikawahamishia Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye joto na mbu. Waliporudi hawakupata mashamba yao. Wazao wao wangali wanayadai.