Nyumba ya Mwisho Kuuzwa

Mkataba tuliotia sahihi tuliponunua nyumba Kitengela ulisema kwamba geti, barabara za ndani, kisima na tangi vitabaki mikononi mwa kampuni iliyojenga hadi nyumba ya mwisho iuzwe. Hapo ndipo vitahamishiwa kampuni ya usimamizi ambayo kila mwenye nyumba ana hisa ndani yake. Mikataba ya aina hii ni ya kawaida Kenya, na haina ubaya iwapo ujenzi una mwisho. Wetu haukuwa nao. Zilipobaki nyumba chache tu, bango la awamu ya pili likasimamishwa nyuma ya ukuta, na nyumba ya mwisho ikasogea mbele kwa miaka mingine. Sheria ya mwaka 2020 ya mali za kisehemu huwafanya wenye nyumba kuwa shirika mara tu ramani inaposajiliwa, lakini hati zetu zilikuwa za utaratibu wa zamani.

Basi tukawa chama kisicho na mali. Mimi nilikuwa mweka hazina, nikikusanya ada ya kutunza vitu ambavyo si vyetu. Wengi waliacha kulipa, wala siwalaumu. Mtu akiombwa atengeneze barabara ya mwenyewe mwingine ataniuliza maswali, na majibu yalikuwa katika ofisi ambayo haikupokea simu. Walinzi wa usiku waliondoka kwanza, kisha taa za njiani zikazimika.

Awamu ya pili ilipohamiwa, iliunganishwa kwenye kisima kile kile. Ulikuwa ule ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zikakosa kunyesha vizuri msimu baada ya msimu, na ng'ombe wa Kajiado wakafa. Pampu ilikesha ikifanya kazi hadi siku moja ikanyamaza.

Mafundi waliipandisha kwa winchi, wakifungua bomba moja baada ya jingine na kuyalaza kwenye nyasi kavu. Mota ilitoka mwisho kabisa, imepakwa tope la kijivu, nyaya zimeyeyuka na kushikana. Fundi aliigonga kwa spana, akanitazama. "Mama, hii imekuwa ikivuta hewa." Kampuni ilituambia tusubiri.

Tulisubiri kwa mitungi na malori ya maji. Maji ya kisima chetu yana floridi nyingi, kama visima vingi vya upande huu, na hatukuwa tukiyanywa. Lakini ya kufulia na kuogea nayo yakishanunuliwa kwa mtungi, bajeti ya nyumba haikai sawa tena. Kuna waliopangisha nyumba zao wakarudi Nairobi.

Katika mkutano mkuu mzee mmoja wa awamu ya kwanza alitaka bomba la wenzetu likatwe. Akapigiwa makofi. Mama wa awamu ya pili akasimama, mtoto mgongoni. "Mzee wangu, mimi pia nalipa mkopo wa benki. Nikatie maji basi, halafu hiyo mota utainunua na nani?" Makofi hayakurudi.

Tulisajili chama kipya cha awamu zote mbili chini ya Sheria ya Vyama, tukafungua akaunti yetu ya benki, na wakili anayeishi humu akaibana kampuni mpaka ikakubali kwa maandishi kwamba kisima kitaendeshwa na sisi ingawa umiliki bado ni wake. Mchango wa mota ulianza kuingia kwa M-Pesa usiku ule ule, na walioanza kutuma walikuwa watu wa awamu ya pili. Tukafunga mita kila nyumba, ya mwenyekiti kwanza, maana bila hivyo asingelipa mtu. Kila mwezi nabandika getini risiti za tokeni za umeme wa pampu, na pembeni yake orodha ya waliolipa. Kuna wanaosema orodha ile ni kuaibishana. Ni kweli, na imetulipia walinzi.

Barabara bado ni ya matope meusi mvua zikinyesha, na hati ya kisima bado hatuna. Mwaka huu wapima ardhi walionekana wakipigilia vigingi vya awamu ya tatu. Tumeiandikia kampuni kwamba haitaunganishwa kwetu kabla ya kuchimbiwa kisima chake chenye kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na barua hiyo ina sahihi za wenye nyumba wa pande zote mbili, pamoja na ya yule mzee.