Neno Presently

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata barua ya Kiingereza kutoka afisi moja ya basari. Ilisema kwamba orodha ya pili ya watakaosaidiwa itabandikwa mlangoni presently. Siku zile nilikuwa nikijivunia sana Kiingereza changu. Sarufi ilikuwa imenifunza kwamba present ni wakati uliopo; basi nikamwambia mama kuwa orodha iko tayari, na nikikawia nafasi yangu itapotea. Mama akauza kuku watatu nipate nauli.

Nilifika mjini jua likiwa utosini. Mlango ulikuwa mtupu. Karani aliisoma barua yangu, akatabasamu, akasema, "Hapa maana yake ni punde, kijana, si sasa." Punde hiyo ilikuwa majuma matatu.

Aibu ile ilinifuata hata chuo cha ualimu, na huko ndiko nilikoifungua kamusi kubwa ya maktaba. Nilishangaa. Katika karne ya 16 presently lilikuwa na maana ya mara moja, pasipo kukawia. Baadaye lilidhoofika likawa punde. Walakini katika Scotland na Marekani, na kwetu Kenya vilevile, wako wengi walitumiao hata leo kwa maana ya wakati huu. Kwa hiyo sikuwa mjinga peke yangu, ijapokuwa kuku walikuwa wamekwisha kuliwa na watu wengine.

Tena neno hili lina ndugu. Soon lilikuwa mara moja hapo kale, anon pia. By and by ndilo linalonichekesha kuliko yote. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Injili ya Marko, sura ya 6, binti wa Herodia anaomba kichwa cha Yohana Mbatizaji by and by. Mwanafunzi wa leo aweza kudhani kuwa binti yule hakuwa na haraka. La, alikitaka papo hapo!

Maneno haya yalichoshwa na tabia yetu wanadamu. Mtu huitwa, hujibu "mara moja," kisha hukaa. Naye aliyeita hujifunza kulipima neno kwa mwendo wa aliyelisema. Nanyi wasomaji wangu mwawajua watu wasemao "nakuja" hali wamekupa kisogo wanakwenda zao.

Likizo moja nilimweleza mama mambo haya yote jikoni, nikidhani kwamba ninamfariji kwa hasara yake ya zamani. Alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga uji, akauliza, "Na siku ile uliporudi, mwanangu, ukaniahidi kunilipa kuku wangu, ulitumia neno gani?"

Nilikuwa nimesema sasa hivi. Jumamosi iliyofuata nilimpelekea kuku wawili; wa tatu ningali ninadaiwa.