Ufa Hauzibwi kwa Rangi

Msomaji mwenzangu, nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Makambako na vitu viwili tu: cheti kisichomfurahisha mtu, na kaunta buku nililokuwa nikiandikia riwaya yangu. Kalamu hailishi bwana! Nikapanda kosta, kilomita kama 60 hivi, mpaka Njombe, nikawa saidia fundi kwenye duka moja la zamani.

Lilikuwa la zamani kweli: tofali mbichi, baraza mbele, milango ya mbao ya kukunja. Kona ya nyuma ilikuwa na ufa wa kuingia kidole. Tajiri alitaka tupige lipu ya saruji, tupake rangi, afungue Jumamosi. Fundi wetu, mzee wa Kibena, akatikisa kichwa.

"Wahenga walisema tuzibe ufa, mwanangu. Hawakusema tuupake rangi."

Akanionyesha chanzo. Gata lilikuwa limetoboka, maji ya mvua yakimwagika chini ya ukuta; msingi umelowa, kona inazama. Tena lipu ya saruji iliyopigwa zamani haikuuacha ukuta upumue. Unyevu ulinaswa ndani, tofali zikawa uji. Mzee akapaka alama ya chokaa kukatisha ufa, akaandika tarehe. Alama ikikatika, ukuta bado unatembea.

Kuikagua kila asubuhi ilikuwa kazi yangu. Ijumaa nikaikuta imekatika, mstari mwembamba kama unywele. Nisiwafiche: kesho yake ilikuwa siku ya malipo, na mimi nadaiwa kodi ya chumba. Nikalowesha kidole, nikaufuta ule mstari. Mzee alipouliza nikajibu, "Shwari tu, mzee."

Usiku sikulala. Nilikumbuka Beit al-Ajaib kule Unguja, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Na nyuma ya ukuta wetu alikaa mama mmoja muuza chai, na mwanawe mgongoni.

Alfajiri nikamweleza mzee. Hakunitukana. Alisema tu, "Lete mirunda."

Tukaegemeza paa kwa mirunda, tukabomoa kona kipande kwa kipande, tukachimba, tukajenga msingi wa mawe, tukapandisha tofali, tukamalizia na lipu ya chokaa. Gata jipya pia. Wiki tatu! Tajiri alifoka, akatukata pesa. Redio yangu ndiyo iliyolipa kodi.

Niliporudi Makambako nikafungua kaunta buku. Sura ya tatu shujaa wangu anakufa bila sababu, kwa kuwa tu nilikuwa na haraka ya kumaliza. Hapo nami nilikuwa nimepaka rangi. Nikachana kurasa 40, nikaanza upya.

Riwaya haijaisha. Lakini kila nikifika Njombe nakunywa chai kwa yule mama, mgongo nimeuegemeza kwenye ile kona.