Kutu ya Motokaa ya Baba

Mtu apitaye katika mitaa ya Bukavu, iwe Ibanda, au Kadutu, au Bagira, hakosi kuona nyuma ya nyumba fulani motokaa iliyokufa. Imewekwa juu ya mawe, madirisha yake hayana vioo, kuku hutagia ndani yake, na majani yameota mahali pa injini. Wenyewe husema: «Iko siku tutaitengeneza.» Miaka yapita, siku hiyo haifiki. Kwetu pia ilikuwako motokaa ya namna hiyo. Twataka kuwaeleza wasomaji jinsi tulivyoishughulikia, sisi ndugu wanne pamoja na mama yetu, kwa muda wa viangazi viwili. Yalitupata humo mambo tusiyoyatazamia, na mengine yaweza kuwafaa wenye motokaa kama hizo.

Ni Volkswagen ya mwaka 1965, ile ndogo yenye mgongo wa mviringo ambayo kwa Kifaransa huitwa Coccinelle, yaani jina la mdudu. Injini yake iko nyuma, nayo haipozwi kwa maji bali kwa upepo, kwa hiyo haichemki ovyo katika milima yetu. Wazee waikumbuka kwa heshima, maana mwaka 1962 motokaa ya namna hii ilishinda mbio za Safari zilizopita katika nchi za Afrika ya Mashariki, zikiwa na matope na mawe kuliko barabara. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, hata ya mwisho ikatoka kiwandani Puebla, katika nchi ya Mexico, mwezi wa Julai 2003.

Marehemu baba yetu, aliyekuwa mwalimu, aliinunua mwaka 1974 kwa mtu aliyekuwa akihama. Aliiendesha miaka 22. Vita ilipofika Bukavu mwezi wa Oktoba 1996, baba aliyang'oa magurudumu yote manne akayaficha darini. Wenye silaha walichukua motokaa za watu wengi. Yetu waliitazama, wakacheka, wakaenda zao. Akili hiyo iliiokoa, walakini haikurudi barabarani tena. Kwanza fedha ilikosekana, kisha vipuri, kisha baba mwenyewe akawa mzee. Lilipokuja tetemeko la nchi, siku ya Jumapili tarehe 3 Februari 2008, ukuta wa gereji yetu ulipasuka na bati za paa zikaachana. Tangu siku hiyo, kila mwaka kuanzia Septemba hata Mei, mvua ilikuwa ikidondoka juu ya motokaa ile, tone kwa tone, mahali pale pale.

Sasa tufike mwaka 2022. Mwezi wa Juni dada yetu mdogo alikuwa amemaliza shule ya sekondari, naye alitaka kuingia chuo kikuu, ada haikuwako. Siku zile zile akaja mtu mmoja wa mjini, mwenye mke na watoto, akaitaka motokaa. Alisema atatoa bei nzuri, ila iwe imepakwa rangi na injini iwe yafanya kazi katika muda wa majuma matatu, maana alitaka kwenda nayo Uvira kwa jamaa zake. Kaka yetu mkubwa, ambaye ni dereva, alifurahi sana. Alimleta fundi kijana, naye akatazama mashimo yaliyoonekana milangoni na chini ya vioo, akasema: «Haya ni kazi ya juma moja. Tutaziba kwa mastiki na kitambaa, tutapiga msasa, tutapaka rangi; hata aliyeiunda hataona kitu.»

Tuseme kweli, maneno hayo yalipendeza masikioni. Lakini mama alituagiza tumwite fundi mwingine, mzee wa Kadutu, aliyezishika motokaa za namna hii tangu ujana wake. Mzee huyo hakuitazama rangi hata kidogo. Aliondoa kiti cha nyuma, mahali betri inapokaa, akachukua bisibisi na kuisukuma sakafuni kwa mkono mmoja. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Akalala chini na tochi, akagonga huku na huku. Penye chuma kizima palilia kama kengele, penye kutu palilia kama boga. Alipotoka akajipangusa, akamwambia mama: «Mama, nguo ya motokaa hii yafaa bado. Mifupa yake ndiyo iliyoliwa.»

Ninyi wanafunzi mliosoma kemia mwajua kwamba chuma hakiozi kwa maji peke yake wala kwa hewa peke yake. Sharti vyote viwili vikutane juu yake. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu huvimba, ikainua rangi, ikafungua njia kwa maji mengine. Chumvi huharakisha jambo hilo, na kwa hiyo wenzetu wa Mombasa na Dar es Salaam wana adui mkali kuliko sisi. Sisi tuna mvua ya miezi tisa, nayo yatosha. Katika Volkswagen hii iko hatari ya peke yake. Bodi yake imefungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma, na pande zote mbili, chini ya milango, iko mifereji yenye uwazi ndani, ichukuayo hewa ya moto kutoka kwenye injini kuwapasha joto watu walioketi mbele. Maji yakiingia humo hayatoki upesi. Kutu huanza ndani, mahali pasipoonekana, na siku inapotokeza nje kama lengelenge dogo la rangi, ndani mfereji umekwisha. Tena ile mifereji ndiyo hasa iipayo motokaa nguvu yake. Ikikatika, motokaa yaweza kujikunja katikati. Kisha betri ina tindikali, na ikimwagika, sakafu iliyo chini yake hulika upesi kuliko mahali pengine po pote.

Hayo yote yangaliweza kuvumiliwa, kama si breki. Volkswagen za miaka ile zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Motokaa zilizokuja baadaye zimepewa njia mbili, hata moja ikipasuka, nyingine yabaki. Katika hii yetu bomba moja jembamba likitoboka, mguu wa dereva hushuka mpaka sakafuni pasipo kukuta kitu. Tena mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa. Yakikaa miaka mingi hugeuka kuwa na maji ndani yake, mabomba yakaoza kutoka ndani, na katika mteremko mrefu breki zikipata moto, maji hayo huchemka na breki hulegea. Wasomaji wa huku kwetu wanaijua barabara ya Uvira ipitayo Ngomo, yenye mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Jioni ile tulikaa kitako. Kaka yetu alisema maneno ambayo hatuwezi kuyadharau: kwamba mnunuzi ni mtu mzima, ana macho, na aweza kuleta fundi wake, kwamba kila motokaa kuukuu huuzwa na maradhi yake, kwamba dada yetu asipoingia chuo mwaka ule pengine hataingia tena. Dada mwenyewe alikuwa akilia jikoni. Mwisho mama akasema: «Wanangu, mtu huyo ana watoto. Mwambieni yaliyomo, kisha achague mwenyewe.» Basi tukamwita, tukainua kiti, tukamwonyesha tundu. Alishukuru, akaondoka, na baada ya siku chache tukasikia amenunua nyingine. Kaka yetu alikasirika, hata kwa muda wa majuma mawili alikuwa akila chakula chake na kwenda kulala bila kusema nasi. Ada ya mwaka wa kwanza ilipatikana kwa likelemba ya akina mama wa mtaa, waliokubali kumpa mama zamu yake mapema. Deni hilo alilipa kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Kazi yenyewe tuliianza kwa kufungua. Bolti zifungazo bodi na sakafu ni zaidi ya ishirini, na nyingi zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Fundi hakuturuhusu kutumia nguvu. Alipaka dizeli iliyochanganywa na mafuta membamba, akaziacha siku tatu, akazigonga polepole, na zile zilizokataa akazipasha moto. Kabla ya kuwasha moto wo wote, aliondoa tangi la petroli lililo mbele, akalipeleka mbali, mwisho wa ua. Sisi tulisema li tupu. Akajibu kwamba tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, maana mvuke wa petroli uliobaki ndani ndio ulipukao. Jambo hilo twaomba kila mwenye kuchomelea nyumbani alishike.

Kisha vijana wanane wa jirani waliinua bodi kama watu wainuao paa la nyumba, wakaiweka juu ya miti. Hapo ndipo tulipoona kazi ilivyo. Fundi alikata. Alikata tena. Kila tulipodhani amefika, alipiga nyundo, akatikisa kichwa, akasogeza chaki mbele upana wa vidole viwili. Sheria yake ilikuwa moja: huchomelei bati jipya juu ya kutu, utakata mpaka uone chuma cheupe. Nusu ya sakafu ilitoka, na mfereji wa kushoto wote. Alikunja bati mpya kwa mkono juu ya kipande cha reli, akipima na ile mbovu mara kumi. Kuchomelea kulifanyika zaidi usiku, kwa kuwa umeme ulikuja ulipopenda. Majirani waliotaka kulala walitusamehe, na mmoja aliyekataa kutusamehe tulimpelekea samaki wa ziwani.

Baada ya kuchomelea tulisugua kwa brashi ya waya, tukiwa tumefunika macho na pua, maana rangi za zamani huweza kuwa na risasi, nayo ni sumu. Tukapaka dawa yenye asidi ya fosforiki, kisha rangi ya zinki, na chini kabisa lami. Hapa tuna neno juu ya desturi ya wengi wetu ya kupaka oili chafu ya injini chini ya motokaa. Kuzuia maji yazuia, lakini huharibu mipira na kudondoka ardhini, na mvua ya kwanza yaichukua. Kwetu sisi desturi hiyo haifai. Walio wabaya zaidi ni wale wazibao kwa lami vitundu vidogo vilivyo chini ya milango. Vile si makosa ya kiwanda, ni njia ya maji kutokea.

Siku moja ya Agosti kaka yetu aliingia gerejini kutafuta spana yake. Kile kipande cha sakafu kilichokatwa chini ya betri kilikuwa mezani. Alikishika akakiinua kuelekea dirishani, akaona mwanga ukipenya kama katika chekecheo. Hakusema neno. Alivua koti, akamwuliza fundi: «Mzee, breki nani anazishika?» Fundi akajibu: «Nilikuwa nakungoja wewe.» Tangu siku hiyo breki zilikuwa kazi yake, wala hakumruhusu mtu mwingine kuzigusa. Alibadili mabomba yote, mipira yote minne, silinda za magurudumu, na mafuta mapya. Vipuri vilikuja kutoka Nairobi kwa mikono ya msafiri mmoja, na kuvingoja kulikula masika yote. Balbu ndizo zilizotusumbua zaidi, kwa sababu motokaa hii yatumia umeme wa volti 6, na madukani zipo za volti 12 tu.

Kiangazi cha mwaka 2023 bodi ilirudishwa mahali pake, injini ikawaka kwa mara ya tatu kujaribiwa, na rangi ikapakwa mwisho kabisa, buluu ile ile aliyoipenda baba. Kaka yetu aliipeleka peke yake kwenye mteremko mmoja mkali, akashuka na kupanda mara sita akikanyaga breki kila hatua chache, kabla hajamruhusu mama kuketi ndani. Mwezi wa Septemba jirani aliyekuwa akiozesha binti aliiomba kwa kumchukua bibi arusi, akalipa. Jumamosi iliyofuata akaja mwingine. Watu wapenda kupigwa picha mbele ya mutuka wa zamani kuliko mpya, jambo ambalo hatukulifikiri kamwe. Fedha hiyo ilimaliza deni la likelemba na kulipa ada ya mwaka wa pili.

Yule mtu wa Uvira alipita kututembelea, akaizunguka motokaa, akauliza kama sasa yauzwa. Kaka yetu ndiye aliyejibu kwamba haiuzwi. Kisha akainua kiti cha nyuma, akamwonyesha mahali ulipo mshono wa sakafu mpya, akamweleza ni wapi amwite fundi aitazame ile aliyoinunua.