Birmingham: Mji wa Gitaa Zito na Bia Nyeusi

Ndugu msomaji, ukibahatika kushuka katika stesheni ya New Street mjini Birmingham, Uingereza, usiharakishe kutafuta teksi. Toka upande wa Station Street, vuka barabara, kisha simama uitazame nyumba ya kale iliyo kwenye kona. Ni baa iitwayo The Crown. Ilifungwa mwaka 2014, na nilipofika hapo mwezi Oktoba 2025 nilikuta mlango umekomewa. Mpita njia asiyejua habari zake hawezi kuitazama mara mbili. Kumbe mwaka 1968, katika chumba cha ghorofani, vijana wanne kutoka mtaa wa Aston walipiga hapo muziki ambao baadaye ulienea dunia nzima. Bendi yao ilikuja kujulikana kwa jina la Black Sabbath.

Sikwenda pale kwa bahati tu. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Gerezani, Dar es Salaam. Juu ya kabati lake la vifaa palikuwa na redio ya kaseti iliyofungwa kwa waya, na ndani yake kaseti ya bendi hiyo, ambayo hakuna aliyejua aliipata wapi. Mafundi wenzake walipomtaka apige muziki wa dansi, alijibu kuwa dansi ni tamu, lakini haiwezi kushindana na mashine ya kusagia chuma. Kaseti ile iliweza. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikimpelekea chakula cha mchana, na gitaa lile lilinitia hofu. Basi nilitaka kuona mahali lilipozaliwa.

Kabla hatujaendelea, tuelewane juu ya neno moja. Wapenzi wa roki nzito hawaishi kuzungumza juu ya rifu. Rifu ni kipande kifupi cha gitaa, pengine noti nne au tano tu, kinachorudiwa na kurudiwa mpaka kinakuwa uti wa mgongo wa wimbo. Usiichanganye na sebene. Sebene huja wimbo ukishakolea, ili watu wainuke kucheza. Rifu hutangulia, mwimbaji hajafungua kinywa, naye anapoanza ndiye anayeifuata. Katika baa za Birmingham watu wazima wenye wajukuu wanaweza kukesha wakibishana rifu ipi ni bora kuliko zote, kwa ukali uleule ambao sisi tunabishania Simba na Yanga.

Kutoka The Crown mpaka Aston ni mwendo mfupi wa basi. Wenyeji wenye umri mkubwa hukuambia kwamba zamani ungeijua Aston kwa pua kabla ya kuiona: upande huu kiwanda cha bia cha Ansells, upande ule kiwanda cha sosi ya HP, na siki na kimea vikichanganyika hewani. Kiwanda cha bia kilifungwa mwaka 1981, cha sosi mwaka 2007. Uwanja wa mpira wa Villa Park ungalipo, na hapo ndipo Black Sabbath walipofanya onyesho lao la mwisho tarehe 5 Julai 2025, wote wanne wa awali pamoja. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, mgonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti kama cha enzi. Tarehe 22 mwezi huohuo alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 76, na watu wakafunika kwa maua daraja la Broad Street ambalo tangu mwaka 2019 lina jina la bendi hiyo.

Ujanani Ozzy alifanya kazi machinjioni, na pia katika kiwanda cha honi za magari, akizipima sauti moja baada ya nyingine kutwa nzima. Lakini habari niliyoifuata mimi ni ya mpiga gitaa, Tony Iommi, ambaye naye alikuwa mchomelea vyuma.

Alikuwa na umri wa miaka 17 na alikuwa ameacha kazi kiwandani ili akapige muziki. Siku ile ilikuwa ya mwisho. Alirudi nyumbani kula chakula cha mchana akiwa hana nia ya kurejea, mama yake akamwambia arudi amalize siku yake kama inavyostahili. Akarudi. Mtu wa mashine ya kukandamiza bati hakufika kazini, kijana akawekwa mahali pake bila kuijua kazi hiyo. Mashine ikaushukia mkono wake wa kulia, naye kwa kushtuka akauvuta. Ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, zikabaki humo.

Iommi hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Madaktari walimwambia asahau muziki. Meneja wa kiwanda alimletea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri wa jazi ambaye vidole vyake viwili vililemazwa na moto mwaka 1928. Kijana akasikiliza. Halafu akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akafinyanga subana mbili mfano wa zile za fundi cherehani, akazifunika kwa vipande vya ngozi ili zishike uzi. Nyuzi za kawaida zilikuwa nene mno kwa vidole hivyo, akatumia nyuzi nyembamba za banjo. Mwaka 1971, katika albamu yao ya tatu, Master of Reality, alizilegeza nyuzi za gitaa kwa nusu-sauti tatu ili zisimkaze vidole, na besi ikashuka pamoja naye.

Ndugu msomaji, hapo nilisimama kidogo. Uzito ule ulionitisha utotoni, ambao mapadri na wazazi wa nchi nyingi waliuita wa kishetani, kwa sehemu kubwa ni nyuzi zilizolegezwa ili zisimwumize mtu aliyekatwa na mashine.

Sasa tuingie kwenye bia, na wewe usiyekunywa usifunge gazeti, maana mjomba wangu naye hakunywa. Magharibi ya Birmingham kuna eneo liitwalo Black Country, yaani Nchi Nyeusi, kwa sababu ya moshi na masizi ya karne ya 19. Huko walifua minyororo, misumari na nanga. Nanga kubwa ya meli ya Titanic ilitengenezwa huko Netherton. Mtu anayesimama mbele ya tanuru kutwa hutokwa na jasho lisilo kifani, naye akitoka kazini hahitaji pombe kali ya kumwangusha. Anahitaji kitu cha kurudisha maji mwilini, chenye ladha, na ambacho mfuko wake utakimudu. Hivyo ikashamiri bia iitwayo mild, nyeusi kwa sababu ya kimea kilichokaangwa, tamu kiasi, ambayo kwa kawaida kileo chake hakifiki asilimia nne.

Nilichukua treni hadi Stourbridge, kisha basi mpaka Brierley Hill. Mji huo ulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma cha Round Oak, kilichofungwa mwaka 1982. Kilichobaki ni baa ya The Vine na nyuma yake kiwanda kidogo cha bia cha ukoo wa Batham, wanaopika tangu mwaka 1877. Wenyeji huiita Bull and Bladder, yaani Fahali na Kibofu, kwa kuwa sehemu ya nyumba hiyo iliwahi kuwa bucha. Bia ya hapo haisukumwi kwa gesi. Huendelea kuchacha ndani ya pipa, ikiwa na chachu hai, huvutwa kwa pampu ya mkono, na haiwi baridi ya kuuma meno kama tuipendavyo sisi. Nakiri kwamba nilipoonja mara ya kwanza nilidhani friji yao imeharibika. Glasi ilipofika nusu nilianza kuelewa: baridi kali huficha ladha, nzuri na mbaya.

Mezani nilikaa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya magari Longbridge mpaka kiwanda hicho kilipoanguka mwaka 2005 na watu wapatao elfu sita wakakosa kazi. Aliposikia natoka Tanzania alipiga meza: “Zanzibar! Freddie Mercury!” Akaniuliza mara moja rifu yangu ni ipi, akitazamia nitaje wimbo wa Queen. Ni kweli Freddie alizaliwa Unguja mwaka 1946, na gitaa la mwenzake Brian May ni la ajabu, kwani alilitengeneza mwenyewe na baba yake, shingo yake ikitokana na mbao za meko ya zamani. Lakini sikuweza kusema uongo kwa sababu ya uraia. Nilitaja “Into the Void” ya Black Sabbath, wa mwisho katika albamu ile ya nyuzi zilizolegezwa. Mzee alininunulia nusu painti nyingine.

Yeye alisimama na “Iron Man” ya mwaka 1970. Jirani yake akaleta “Whole Lotta Love” ya Led Zeppelin, akapingwa kwamba gitaa lile ni la mtu wa kule London, akajibu kwamba mwimbaji Robert Plant ni wa West Bromwich, karibu tu na hapo. Mtu wa tatu akakumbusha kuwa Glenn Tipton wa Judas Priest alikuwa mfanyakazi wa shirika la chuma la taifa, na kwamba albamu yao ya mwaka 1980 inaitwa British Steel. Hapakuwa na mshindi. Mzee alinialika Jumamosi twende Stirchley, kusini ya Birmingham, ambako mpwa wake anapika bia yake mwenyewe. “Ukaone vijana wanavyoiharibu,” alisema.

Stirchley inapakana na Bournville, kijiji kilichojengwa na ukoo wa Cadbury, watengenezaji wa chokoleti, ambao kwa imani yao ya Kikweka hawakutaka baa hata moja ndani yake. Leo ng’ambo tu ya mpaka huo kuna viwanda kadhaa vidogo vya bia katika mabohari ya zamani. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza iliwapunguzia ushuru wapikaji wadogo, na tangu hapo vijana wengi wakajaribu. Wengi pia wamefunga miaka ya karibuni, kwa bei za umeme, kimea na kodi ya pango.

Mpwa alitupokea akiwa amevaa mabuti ya mpira. Aliweka akiba yake yote humo, na alipotaja akiba alimtazama mjomba wake. Baadaye nilielewa kuwa sehemu ya fedha hizo yalikuwa malipo ya mzee ya kuachishwa kazi. Basi maneno yao juu ya bia hayakuwa ya mzaha mtupu.

Bia anayoiuza zaidi ni ya rangi ya dhahabu, chungu, yenye harufu ya maganda ya balungi. Harufu hiyo hutoka katika maua ya hopsi ya Kimarekani. Aina ya Cascade, iliyotolewa mwaka 1972, ndiyo iliyofungua njia. Alinieleza kuwa maji ya bomba ya Birmingham ni laini, yanatoka mabonde ya Elan huko Wales, zaidi ya kilomita mia moja, yakiteremka kwa mvuto tu tangu mwaka 1904. Kwa bia chungu huyatia jasi, ili yafanane na maji ya Burton, mji ambao visima vyake viliupatia umaarufu wa bia nyepesi ya rangi. Rifu yake ilikuwa “Smoke on the Water” ya Deep Purple, kwa sababu mtoto yeyote aliyeazima gitaa anaweza kuipiga siku ya kwanza.

“Na ndiyo kasoro yake,” alisema mjomba. “Kila mtu anaipiga. Kama hii bia yako. Kila duka lina moja.”

“Mjomba, ya kwako nani ataninunulia? Mild ni bia ya wazee.”

“Hujapika, umejuaje?”

Kijana hakujibu. Aliingia nyuma ya matangi akarudi na jagi, akamimina glasi tatu za bia nyeusi, nyekundu kidogo ukiiinua kwenye mwanga. Alikuwa ameipika kwa siri, pipa mbili tu, kwa maji yaleyale ya Wales bila kuyatia jasi. Kijana alisimama akifuta mikono iliyokuwa tayari mikavu.

Mzee alinusa, akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni. Redio ilikuwa ikipiga kitu nisichokijua. Hatimaye akaweka glasi mezani.

“Tamu mno,” alisema. “Punguza sukari.”

Kisha akainywa yote, akausogeza ukingo wa glasi tupu karibu na jagi, akaanza kunieleza upya kwa nini “Iron Man” haina mpinzani.